Aina Arobaini Nyuma ya Duka la Kasmir

Jumatatu, 10 Februari

Joto. Saa moja asubuhi shati limeshaloa mgongoni. Leo ni siku ya 212 tangu nistaafu. Miaka thelathini na moja niliripoti habari za bandari: meli gani imeingia, imebeba nini, imetia nanga saa ngapi. Sasa naliripotia daftari hili tu. Halijanikatia hata aya moja.

Habari kubwa ya leo. Kasmir, mwenye jengo letu hapa Mchafukoge, anataka kupiga pevingi kiwanja cha nyuma, yaani kukisakafia kwa zege. Kiwanja kina hatua kumi na nne kwa tisa, nimepima mwenyewe. Hakuna aliyewahi kupanda kitu pale. Vimejiotea tu, na vingine vimejileta kwa miguu na mabawa. Kasmir anauza maua ya plastiki kwa jumla, duka liko chini yetu, na anataka mahali pa kupanga katoni.

Bi Shamsa wa ghorofa ya kwanza akashuka kumkabili. Nikafuata nyuma, kikazi. Bi Shamsa ameshona nguo kwenye dirisha linalotazama kiwanja kile miaka ishirini na miwili, na kila jani analijua kwa jina. Akamwambia Kasmir kwamba pale si pori, pana wakazi. Kasmir akamwamkia vizuri, shikamoo mama, kisha akasema yeye ni mfanyabiashara, aonyeshwe mzigo. Aina arobaini, mimea ya porini na viumbe. Visiwe vya kupandwa wala kufugwa, viwe hai, na kila kimoja kionwe na watu wawili. Zikitimia arobaini, kiwanja kinabaki. Zikiwa thelathini na tisa, mafundi wanaanza Jumatatu inayofuata.

Panya na mende hawahesabiki, akaongeza. Hao walishamchosha stoo. Nikapinga kwamba mende peke yao ni aina tatu. Akanijibu kwamba, Mzee Aaron, kama nawataka nije na gunia.

Alitaka hesabu ifungwe Jumapili tarehe 23, akitoka kanisani. Nikaomba iwe Jumamosi tarehe 22, saa mbili asubuhi. Akakubali. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Kila Jumamosi asubuhi Bi Shamsa huenda kwa dada yake Ilala. Atakayesimama mbele ya watu kusoma orodha ni mimi. Mtaa mzima utajua nani aliokoa kiwanja!

Orodha ya Bi Shamsa ina aina 31 tayari. Bado tisa. Siku kumi na mbili. Kazi ndogo.

Jumanne, 11 Februari

Nimeshuka saa kumi na mbili na dakika tano. Kofia kichwani, darubini shingoni. Nilidhani nimewahi. Bi Shamsa alikuwa ameketi juu ya ndoo tangu alipomaliza sala ya alfajiri, kahawa imekwisha kikombeni. Akaniuliza, Baba Joyceline, mbona mapema, kuna msiba?

Saa kumi na mbili na dakika ishirini akanionyesha kwa kidole. Chozi! Ndege mdogo kuliko kidole gumba changu, mdomo umepinda kama sindano ya magunia, kifua kinang'aa. Alikuwa ananing'inia kwenye maua ya njano ya marejea na kunyonya kimoja kimoja, kwa mpangilio, kama mkaguzi. Sijui kwa nini nilicheka kwa sauti. Namba 32. Dakika tisa baadaye kereng'ende mwekundu akatua kwenye waya. Namba 33. Wote wawili kawaona yeye kwanza. Mimi nimeandikwa shahidi.

Nikarudi nyuma nipate kuona vizuri, nikajikwaa, nikakalia mbigili. Mbigili ni namba 9 kwenye orodha, haileti faida. Ua lake la njano ni zuri sana ukiliangalia kwa karibu. Nimeliangalia kwa karibu.

Mke wangu Celina amenitoa miiba kumi na minne kwa kibanio cha nyusi. Alikuwa akihesabu kwa sauti, dirisha wazi. Amesema angalau mimi nimepata kumi na nne.

Alhamisi, 13 Februari

Mpango. Vipepeo wanapenda utamu, basi wapewe utamu. Nimechemsha nusu kilo ya sukari ya Celina, nikaupaka ukuta wa stoo ya Kasmir futi tatu kwenda juu. Saa tatu kamili nikakaa kusubiri.

Saa tatu na robo: sisimizi. Namba 4, wapo tayari.

Saa tatu na nusu: sisimizi wengi zaidi. Ukuta umekuwa mweusi.

Saa nne kasorobo: nyuki. Namba 7, wapo tayari. Walikuwa kama mia mbili. Sukari ikawaishia. Wakanusa huku na huku, wakaona mlango wa nyuma wa duka la Kasmir uko wazi, na ndani maua, waridi na alizeti, kuanzia sakafuni hadi darini. Wakaingia wote.

Wateja wakatoka wote.

Duka limefungwa kwa muda wa saa mbili nzima. Nyuki walikagua kila ua la plastiki, wasipate kitu, na wakakasirika waziwazi. Kasmir alisimama ng'ambo ya barabara na taulo kichwani, akiwaeleza watu kwamba hii inaonyesha ubora wa bidhaa zake. Akanikodolea macho lakini hana ushahidi. Ukuta ulikuwa umelambwa mpaka umetakata.

Wakati wote tunakimbia, Bi Shamsa alibaki dirishani kwake, na akaona kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya kijani akipita kiwanjani taratibu. Fundi mwenzake wa cherehani akashuhudia. Namba 34.

Celina ameuliza sukari iko wapi. Nimesema nyuki. Ameniomba nijibu tena, pole pole.

Jumamosi, 15 Februari

Nimesoma masharti upya. Yanasema kiumbe asiwe wa kufugwa. Hayasemi asiwe amehama. Kinyonga aliyehamia Mchafukoge ni mkazi wa Mchafukoge, kama mimi nilivyohama kutoka Moshi. Hoja safi kabisa.

Jana alasiri nilimpata kwenye ua wa miti kule Upanga. Urefu sentimita kumi na nane, mpole, macho yanazunguka kila moja na shughuli zake. Nikamweka kwenye mkoba wa Celina wa kanisani kwa sababu una zipu na unapitisha hewa. Nia: kumwachia leo saa nne, halafu nimgundue saa nne na dakika mbili.

Saa tatu Celina akaenda sokoni. Na mkoba.

Nimepata habari kutoka kwa Celina mwenyewe, kwa kirefu. Alifungua zipu mbele ya muuza nyanya. Kikatoka kichwa. Muuza nyanya, mtu mzima wa kilo tisini, aliruka fungu lake mwenyewe. Watu waliomba kwa dini mbili. Mama mmoja alimwambia Celina kwamba kama anakwenda kwa waganga asipitie kwenye mboga za watu. Kinyonga akashuka kwa heshima, akavuka barabara kwa zamu mbili, akapanda rundo la vitenge dukani, na tangu hapo hakuna aliyemwona tena.

Nikauliza kitenge kilikuwa cha rangi gani. Lilikuwa swali la kiripota tu. Chakula cha mchana: ugali, bila kitu cha kusindikizia.

Bi Shamsa leo, kabla ya kwenda Ilala, kapata mbili. Kongwe, ua la buluu lenye petali mbili kama masikio, ambalo hufunguka alfajiri na kujifunga kabla ya adhuhuri, ndiyo maana sisi wa kuamka saa tatu hatujawahi kuliona. Na buibui wa tumbo la njano. 36. Aliporudi hakunisema. Alinipa kahawa tu, na kipande cha kashata. Inauma zaidi.

Jumatatu, 17 Februari

Nne zimebaki, siku tano. Wakati wa mambo mazito.

Nimenunua ua la plastiki. Si kwa Kasmir, mimi si mjinga. Nimevuka mitaa mitatu, nikalichukua kwenye duka la mama mmoja karibu na soko. Zambarau, petali sita. Nikalichomeka chini ya kivuli cha mbono, nikalipaka udongo, nikatoboa jani moja kwa sigara ili lionekane limeliwa na wadudu. Kazi ya ustadi. Nikasimama mbali nikashangaa mimi mwenyewe.

Shahidi wa pili: Mwinyimvua, mlinzi wetu, ambaye miwani yake ilikanyagwa mwaka juzi. Akainama, akasema maashallah. Na tangu hapo amelimwagilia maji mara mbili, kwa sababu anaona limesimama kinyonge.

Bi Shamsa akalitazama muda mrefu. Akasema katika maisha yake hajawahi kuona ua lenye moyo mgumu namna hii, jua la saa saba na halijainama. Nikasema ni la jamii ya jangwani. Akaliandika namba 37. Kwa penseli.

Jumatano, 19 Februari

Msiba.

Kasmir alipita kiwanjani saa nne kupima upana kwa ajili ya mafundi. Akasimama. Hakuinama hata kidogo. Akasema lile ni ua la katoni ya Desemba, dazeni kumi na mbili kwa katoni, zambarau na nyekundu, shina lina waya, na kwamba yule mama wa karibu na soko ni mteja wake wa miaka sita. Maua yake yote Kariakoo anayatambua kama watoto wake. Akaling'oa, akalikung'uta udongo, akalipangusa na shati.

Kisha hukumu. Akasema kwa taratibu za biashara, mtu akikuletea feki kwenye mzigo, unaikata feki, na unakata na nyingine ya adhabu. Akaangalia orodha juu mpaka chini. Akachagua konokono.

Konokono! Namba 22, mnyama wa watu, hana kosa lolote.

Tumerudi 35. Bi Shamsa aliniita pembeni. Hakupandisha sauti. Akasema, Baba Joyceline, mimi dirisha langu ni moja. Wakimwaga zege pale, nitashona nikitazama katoni mpaka nife. Nakuomba kitu kimoja: siku mbili zilizobaki, usinisaidie.

Nimekubali. Sijalala mchana. Mara ya kwanza tangu nistaafu.

Ijumaa, 21 Februari

Nimetimiza ahadi. Jana na leo sikufanya chochote. Matokeo: Bi Shamsa kapata tatu. Mgagani uliochanua nyuma ya tangi, jongoo mwekundu, na ndege shore aliyekuja kunywa maji yanayodondoka kwenye bomba. 38.

Halafu, saa kumi alasiri, nikasikia sauti ya Kasmir anakuja. Sikutaka kuonana naye. Nikalala kifudifudi nyuma ya marejea. Kiwiko kikagusa kijimea fulani, majani kama ya ukwaju ila madogo zaidi, na majani yakajikunja. Nikadhani ni macho yangu. Nikagusa tawi la pili. Likajikunja. Kifauongo! Nikasahau najificha. Nikasimama nikapiga kelele, uso na tumbo vumbi tupu, na Kasmir mwenyewe akaja mbio akidhani nimeumwa. Akagusa. Likajikunja. Akagusa lingine. Tuligusa wote wawili, tukingoja yafunguke, tukigusa tena, mpaka mteja wake akamfuata nyuma kumuuliza kama leo anauza au hauzi.

Shahidi ni yeye mwenyewe, hawezi kukataa. Namba 39. Ya kwangu! Kwa haki! Bi Shamsa ameiandika kwa kalamu ya wino. Ameniangalia kama mtu anayeangalia mbuzi aliyesoma gazeti.

Bado moja. Kesho saa mbili.

Saa kumi na mbili jioni nikamwona Mwinyimvua anapanga mafyekeo na majembe ukutani. Nikauliza ya nini. Akanishangaa. Celina ndiye aliyenijibu kutoka dirishani, kwa sauti iliyofika mtaa wa pili: kesho ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Usafi!

Februari ni fupi. Nilikuwa nahesabu kwamba mwisho wa mwezi ni wiki ijayo. Mimi! Niliyeandika habari za usafi wa mwisho wa mwezi miaka na miaka, kwa maneno yaleyale. Kesho maduka yote yamefungwa mpaka saa nne, jengo zima linatoka na mafagio, watu wa kata wanapita kukagua, na kitu cha kwanza kinachofyekwa siku ya usafi ni kila kilichojiotea. Saa moja wanaanza. Saa mbili Kasmir atakuja kuhesabu udongo.

Na Bi Shamsa haendi Ilala. Hakuna anayekwenda popote kabla ya usafi kwisha. Tarehe nimeichagua mwenyewe.

Jumamosi, 22 Februari

Saa kumi na mbili na dakika hamsini. Kiwanja kiko salama. Kongwe limefunguka. Chozi yupo.

Saa moja kamili. Wapangaji wetu na wa jengo la jirani wakaingia. Nilihesabu watu hamsini na nane, mafyekeo tisa. Bi Shamsa alisimama mlangoni na daftari kifuani, akiwasihi mmoja mmoja. Walimsikiliza kwa adabu, lakini walisema mama, watu wa kata wakikuta majani jengo linaandikwa. Kijana mmoja akaanza kwenye kona. Majani ya ndago yakaruka.

Nikapata wazo. Niliahidi kutosaidia siku mbili, na siku mbili zilikuwa zimekwisha jana. Nikapanda juu ya ndoo nikapiga kelele: Nyoka! Koboko! Nyuma ya mapaleti ya mbao ya Kasmir!

Hesabu yangu ilikuwa hivi: watu watakimbia, kiwanja kitabaki kitupu, saa nne itafika na usafi utakuwa umekwisha.

Nimeishi Dar es Salaam miaka arobaini. Mtu akitaja nyoka mji huu, hakuna anayekimbia. Wanakuja. Walikuja kutoka mtaa wa nyuma, kutoka barabarani, na fimbo, na mawe, na simu za kurekodi. Walifika kama mia. Mmoja aliniuliza ana urefu gani, nikajibu kwa mazoea, mita moja na nusu.

Kasmir akafika akiwa na buti za mvua na fulana nyeupe. Akaniambia nikae pembeni mzee wangu, hapa ni kwake, mpangaji wake hawezi kuumwa na nyoka yeye yupo. Akawataka wote warudi hatua tatu. Akavuta paleti la kwanza. Kimya. La pili. Kimya. Akashika la mwisho, akalinyanyua kwa mikono miwili mpaka kifuani.

Akatoka nguchiro. Kahawia, mkia mrefu, kitoto mdomoni, akapita katikati ya buti za Kasmir bila haraka.

Kasmir alimwita mama yake mzazi, aliyeko Rombo, kwa sauti ambayo nadhani alisikia. Tulipotazama tena alikuwa juu ya pipa. Nguchiro akaingia chini ya ukuta, akarudi, akapita tena katikati ya watu mia wenye fimbo kumfuata mtoto wa pili. Hakuna aliyeinua mkono. Mtu mmoja alimsogezea paleti apite.

Mwinyimvua akasogea mbele. Akasema penye nguchiro hapana nyoka, huyo anawala, na panya pia, sasa watu wanatafuta nini? Kasmir akauliza kutoka juu ya pipa tangu lini mnyama huyu yuko hapa. Tangu Novemba, akajibu Mwinyimvua. Kwa nini hakusema? Hakuna aliyemuuliza. Alidhani ni wa bosi.

Nilimwona Kasmir akipiga hesabu. Tangu Novemba hakuna katoni hata moja iliyotafunwa stoo. Alikuwa amempongeza muuza sumu ya panya.

Bi Shamsa hakungoja. Akafungua daftari, akasoma orodha yote palepale, kuanzia namba 1, kwa sauti yake ya kawaida, na watu wakawa wanaitikia kama wanajibu majina shuleni. Nilikuwa nimeandaa hotuba ya dakika sita. Nilishika kalamu tu. Alipofika namba 40 akaitaja nguchiro, mashahidi mia moja na zaidi.

Kasmir akasema, mzigo umetimia. Kiwanja kinabaki! Bi Shamsa akamwomba na konokono asamehewe. Akasamehewa. 41. Watu wakapiga makofi, mama mmoja akapiga vigelegele, mafyekeo yakawekwa chini, na usafi ukawa wa kuokota mifuko na chupa tu. Watu wa kata walipopita, Kasmir alitoka kuwaeleza mwenyewe kwamba haya si majani, haya ni orodha.

Bi Shamsa alirudi dirishani kwake. Cherehani ikaanza. Nilimsikia akiimba.

Jumapili, 23 Februari

Kasmir ametoka misa na kuleta watu kumi na mmoja kuangalia kiwanja. Anasema "nguchiro wangu". Ameshaagiza kibao: Kiwanja cha Nguchiro, Mgunduzi Kasmir. Chini yake, Mtunza Orodha Bi Shamsa. Jina langu halipo. Nimeuliza. Amesema nyoka hakuonekana.

Bila nyoka wangu nani angenyanyua paleti? Historia itaamua.

Lakini kuna jambo. Amesema mbele ya wageni kwamba orodha ikifika hamsini ataondoa na katoni za uchochoro wa pembeni, uoteshe wenyewe, na kibao cha pili kitakuwa na jina la mtu atakayeleta aina nyingi zaidi. Bi Shamsa akanitazama mimi moja kwa moja. Akatikisa kichwa, polepole, mara tatu.

Bado tisa. Nimeipitia orodha: hakuna hata chura mmoja. Kwa sababu hakuna dimbwi. Vyura wana aina nyingi, na dimbwi likiwepo wanakuja wenyewe, hakuna sharti linalovunjwa. Saa tisa alasiri nimepitisha mpira wa maji kutoka bafuni kwetu, dirishani, hadi kiwanjani. Nimefungua kidogo tu.

Saa kumi na moja. Dimbwi zuri, pana. Sasa naona kwamba kiwanja kina mteremko, na unaelekea mlango wa stoo ya Kasmir. Katoni chache zimeanza kuelea. Waridi zinaonekana safi sana kwenye maji.

Mtu anagonga mlango wetu kwa ngumi. Celina ananiuliza ni nani. Leo Celina ananiita jina langu lote, mpaka la ubatizo.

Chura bado.